Mgeni wa Mashavu Yaliyojaa

Ukidhani natunga, pita Mbugani, hapa Kyela, uulize ni nani aliyekuwa akipangiwa foleni kwa picha za harusi, kisha uulize kwa nini maharusi wa siku hizi wanamkwepa. Utajibiwa. Jambo hili lilitokea ndani ya studio yangu, mchana, mvua ikinyesha, na hakuna aliyekuwa amelewa. Nililiona mimi na aliliona Bi Zuhura wa duka la kanga, jirani yangu, mwanamke ambaye hajawahi kuogopa hata mbwa.

Lakini hutalielewa kama sijakueleza kwanza habari za samaki. Nivumilie kidogo, si ngumu.

Mimi ni mpiga picha. Siku moja niliona mtandaoni picha za watu wanaofuga matumbawe ya bahari majumbani mwao, ndani ya matangi madogo ya kioo, na kuyapiga picha kwa karibu mpaka unaona kila kidole cha rangi. Nilizitazama picha zile wiki nzima. Bi Zuhura, ambaye kwao ni Tanga, alinicheka sana.

"Baba Tumpe, matumbawe yanataka maji ya chumvi. Hapa Kyela chumvi utaitoa wapi, jikoni kwa mkeo?"

Alisema kweli. Basi nikasema, kama bahari iko mbali, ziwa liko karibu. Nikaenda Matema, pale mchanga unapokwisha na mawe ya mlimani yanapoingia majini, nikaokota mawe ya kutosha. Mvuvi mmoja akanitafutia samaki wadogo wanaoishi kwenye mawe hayo, wale ambao ndugu zetu wa upande wa Malawi wanawaita mbuna. Madume ni ya bluu kama sare mpya ya shule. Majike ni ya rangi ya udongo, na mistari myeusi inashuka ubavuni. Nikayapanga mawe ndani ya tangi la kioo kwenye chumba cha mbele cha studio, na huo ukawa mwamba wangu.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penyewe. Jike la mbuna halitagi mayai na kuyaacha. Linayabeba mdomoni. Mayai yanaanguliwa humohumo, na vifaranga vinakaa humo mpaka kile kiini cha njano tumboni mwavyo kiishe na viweze kuogelea vyenyewe. Muda wote huo mama hali kitu. Unamrushia chakula, anakitazama, anageuka. Mashavu yamejaa, mdomo umefumbwa, anakonda huku unamwona. Ukimshtua kabla ya wakati, anatema kila kitu, na wenzake wanawala watoto wake palepale.

Mimi nilitaka picha moja tu: mama akifungua mdomo na watoto wakitoka.

Unadhani ni rahisi? Kupiga picha tangi la kioo ni kupigana na kioo. Unasubiri samaki asimame, unabonyeza, halafu unajikuta umepiga sura yako mwenyewe na bango la bei za pasipoti nyuma yako. Dawa yake ni kuzima taa zote za chumba, uache ya tangi peke yake, usitumie flashi kamwe, na ujifunike kitambaa cheusi wewe na kamera yako. Ukifanya hivyo kioo hakina cha kurudisha. Ukijaribu kwako utafanikiwa, usikate tamaa kama mimi nilivyokaribia kukata. Maana ukishaweka yote sawa, umeme unakatika. Ukikatika, pampu ya hewa inasimama, na samaki wanapanda juu kutweta. Hapo unaacha kamera, unachukua kikombe, unachota maji na kuyamimina kutoka juu ili yapate hewa, mpaka mkono unakufa ganzi. Majike mawili yalikwishatema mayai yao hivyohivyo, kwa kelele zangu na kikombe changu.

Mke wangu naye akachoka. Mama Tumpe si mkali, ila neno lake likitoka halirudi.

"Huyu mmoja aliyebaki na mimba ya mdomo," alisema, "akizaa, tangi lako likae. Akitema, pale panaingia friza. Watu wa Kyela wanataka maji baridi, hawataki kutazama samaki asiyeliwa."

Basi huyo jike wa mwisho akawa roho yangu. Nilimtundikia kitambaa upande wa mlangoni ili wateja wasimshtue. Nilikuwa natembea ndani ya studio yangu mwenyewe kama mwizi. Mashavu yake yalikuwa yamevimba mpaka ngozi ya kidevu inapitisha mwanga, na ukitazama vizuri uliona vitone vyeusi humo ndani. Macho. Zilikuwa zimebaki siku chache tu.

Siku yenyewe mvua ilianza baada ya chakula cha mchana. Mvua ya Kyela unaijua: bati linapiga kelele hadi mnaongea kwa ishara, na mawingu yanageuza mchana kuwa kama saa ya kuwasha taa. Umeme ukakatika, kama kawaida yake. Pampu ikanyamaza. Nilikuwa nimefunga kamera kwenye stendi mbele ya tangi, nikaiacha hapo, nikawasha tochi ya kuchaji kuwamulikia samaki, nikashika kikombe changu huku nalaani kila aliyewahi kusimika nguzo ya umeme.

Nilipogeuka, mwanamke alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja.

Sikusikia mlango. Alikuwa mtu mzima, mwembamba sana, mikono kama vijiti. Alivaa kitenge cha rangi ya udongo chenye mistari myeusi ya kushuka, kimelowa chote. Kidevu chake kimeinama, na mashavu yake, niamini, yalikuwa yamejaa kama ya mtu mwenye jino bovu pande zote mbili.

Nikamkaribisha na kumsalimia kwa lugha yetu, "Karibu mama. Mugonile?"

Alinitazama tu, bila kupepesa.

Kama wewe si wa kwetu, ngoja nikueleze. Kwa Wanyakyusa salamu si kitu cha kupita. Mtu anaweza kuwa na haraka, anaweza kuwa na msiba, anaweza kuwa na kesi na wewe mahakamani; ukimsalimia ataitikia kwanza, kisha mtagombana. Asiyeitikia ni mtoto mchanga au maiti. Basi nikajiambia ni jino. Nikamwonyesha themosi ya chai. Akatikisa kichwa. Nikamwonyesha ndizi za kuchemsha nilizobakiza. Akageuza uso, taratibu, vilevile kama... lakini wakati ule sikuwaza.

Akanyanyuka, akaenda mpaka kwenye stendi, akaweka kiganja chake juu ya lenzi. Akakiacha hapo huku ananitazama. Kisha akarudi kuketi.

Unaona? Aliniambia nisipige. Hakuna namna nyingine ya kulieleza. Lakini lenzi yangu ilikuwa imelowa, na kitu pekee kilichonijia kichwani ni hasira. Nikatoa kitambaa nikaanza kufuta.

Hapo Bi Zuhura akaingia mbio, kanga kichwani, miguu matope matupu.

"Baba Tumpe! Kwangu bati linavuja juu ya madera mapya, na nyinyi umeme wenu pia umekwenda? Ah, kumbe una mgeni. Hujambo bibi?"

Mgeni akamtolea macho.

"Nimesema hujambo."

"Labda jino, Bi Zuhura," nikasema.

"Mwenye jino huguna. Huyu hata kuguna hajaguna." Akamsogelea akiwa ameshika kiuno. "Bibi, mimi mtu wa pwani, nilipofika Kyela mlinifundisha nyie wenyewe. Nikipita bila kusalimia mnasema yule Mswahili ana maringo. Leo mimi nasalimia na wewe unanitolea macho? Au mdomo umeushona?"

Mgeni akajivuta nyuma kwenye kiti. Akaweka mkono mdomoni.

"Mwache," nikasema, lakini nilisema kwa sauti ndogo, maana na mimi nilikuwa nimeudhika. Siku nzima mvua, umeme, lenzi yenye alama ya kiganja, na sasa mtu anakuja kukaa ndani mwangu asiitikie salamu mbele ya jirani.

"Msalimie kwa lugha yenu," Bi Zuhura akasema. "Msalimie ile ya heshima. Tuone kama naye ana adabu."

Nikaweka kikombe chini. Nikapiga hatua moja mbele, nikainama, mikono miwili pamoja, kama tunavyowasalimia mama zetu, nikasema polepole, "Mugonile, juba."

Mtu akiinama hivyo mbele yako na kukuita mama, huwezi. Kama umelelewa huku, huwezi kukaa kimya. Ni kitu kilichoingia mifupani kabla hujaota meno. Nilimwona akipambana nacho. Shingo ilikakamaa, macho yakajaa maji. Kisha mdomo ukafunguka.

"Ndaga," aliitikia.

Sauti ilitoka kama inatoka ndani ya mtungi. Na maji yakafuata. Yalimwagika kidevuni, kifuani, mapajani, harufu ya ziwa ikajaa chumba, na ndani ya maji yale vikadondoka vitu vidogo kama punje za mchele, kila kimoja na tumbo la njano na macho mawili meusi. Alijaribu kuvidaka. Alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili, na bado vilipita katikati ya vidole.

Bi Zuhura akapiga kelele. Mimi nikarudi nyuma nikagonga stendi, na kidole changu, kidole cha mpiga picha ambacho hakijui adabu, kikabonyeza.

Nyuma yangu tangi likachemka. Nikageuka na tochi. Jike wangu alikuwa katikati ya maji, mdomo wazi kabisa, na vifaranga vinamtoka kama moshi, bado vina viini, havijui hata kuogelea. Madume yakatoka kwenye mawe. Niliingiza mkono wangu mzima ndani ya maji kuyafukuza. Sikuokoa hata kimoja.

Nilipomkumbuka mgeni, kiti kilikuwa kitupu. Sakafu ililowa kutoka kwenye kiti mpaka chini ya tangi, si mpaka mlangoni. Kati ya matope ya miguu ya Bi Zuhura hapakuwa na nyayo nyingine. Punje zile nilizitafuta kwa tochi nikiwa nimepiga magoti. Hazikuwepo.

Bi Zuhura alikuwa ameketi chini, mgongo ukutani. "Tulimsalimia tu," alisema. "Baba Tumpe, si tulimsalimia tu?"

Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Tulimsalimia tu! Kuna kosa gani katika salamu? Nimeliuliza swali hili kwa mchungaji na Bi Zuhura ameliuliza kwa shehe, na wote wawili wametuangalia vibaya.

Ile picha iliyojipiga ninayo. Ndiyo picha safi kuliko zote nilizowahi kupiga maishani. Kioo hakikurudisha kitu, hakuna mwangaza wa tochi, hakuna bango. Ni jike wangu tu na watoto wake wakimtoka, na jicho moja limeelekea kwangu. Ndiyo picha niliyoitafuta muda wote ule. Siwezi kuikazia macho.

Lakini hayo ni ya kwangu. Ya wateja ndiyo balaa. Tangu siku ile, kila mtu ninayempiga picha anatoka amefumba mdomo. Anacheka mbele yangu, namwona meno, nabonyeza. Nikisafisha picha, mdomo umefungwa na mashavu yamejaa. Bibi harusi mmoja wa Ipinda alirudi na albamu yake ameikumbatia, analia.

"Kaka, mimi nilicheka siku nzima! Hapa nimekaa kama mtu aliyeficha kitu mdomoni. Mama mkwe ananiuliza nilinuna kwa nini."

Nimebadilisha lenzi, nimeazima kamera ya mwenzangu, nimepiga kwa simu. Ni yaleyale. Sasa nimebaki na picha za pasipoti, maana huko kufumba mdomo ndiyo sharti lenyewe.

Bi Zuhura naye, mvua ikinyesha, haongei. Anafunga mlango wa duka, anakaa. Ukimsalimia anaitikia kwa kichwa, na mimi simlazimishi.

Na friza? Mama Tumpe alikuja jioni ileile, nikamweleza yote, nikamwonyesha picha. Aliitazama, kisha akaenda kulitazama tangi. Jike alikuwa amejibanza kwenye kona ya mawe. Mdomo ulikuwa mtupu na bado alikuwa ameufumba kwa nguvu. Nikasubiri nisikie habari za friza, na kwa kweli nilikuwa tayari. Mke wangu akavuta kiti akaketi.

"Liache hapo," alisema. "Huyu si wa kuhamishwa."

Friza liliishia barazani. Kila asubuhi Mama Tumpe akifungua studio anapita kwanza kwenye tangi, anapiga goti kidogo, anasema "Mugonile," kisha anaenda kufagia bila kusubiri. Hasubiri jibu kabisa.

Fuga samaki, nakutia moyo, ni kazi ya kutuliza roho. Piga picha, jifunike kitambaa chako cheusi, usichoke na kioo. Lakini mvua ikinyesha, akaingia mtu kwako amelowa, amefumba mdomo, msalimie mara moja na umpe kiti. Asipoitikia, geuka ushike shughuli zako. Usiiname. Usimwite mama. Hujui amebeba nini, na hujui kimebakiza siku ngapi.