Siku Ardith Alipofungua Mota Mbele ya Mwanawe

Mtu akikuambia Ardith Kolstad ni bibi kizee, mwambie aje kwetu jangwani Quartzsite mwezi wa Januari, amtafute chini ya trela ya mtu. Ataona viatu tu, vya kiume, vikichungulia nje. Miaka thelathini na moja alitengeneza mabasi ya shule huko Dakota Kaskazini, kwenye baridi ya kugandisha hata kope. Siku alipostaafu aliuza nyumba, akanunua trela ndefu ya kuvuta kwa gari, nyumba kamili ndani, akaja kukaa na sisi wazee wa magurudumu. Ana miaka sabini na mitatu, na sijawahi kumwona akiita fundi.

Sasa, Jumamosi ile niliamka kwa kelele za viti. Kwetu ndivyo ilivyo: ukifungua kifuniko chochote cha trela yako, majirani wanakuja na viti vya kukunja na vikombe vya kahawa, wanakaa nusu duara, na kila mmoja anajua zaidi yako. Nikatoka na kiti changu mbio, sijachana hata nywele. Nani alale wakati Ardith anafungua mota?

Trela yake ina chumba cha pembeni kinachotoka nje kama droo ya kabati. Kinasukumwa na mafuta, mafuta yanasukumwa na pampu, na pampu inazungushwa na mota ya umeme, kubwa kama kopo la maziwa ya unga. Jana yake, Ijumaa, nilimpitia Ardith baada ya chakula cha mchana, tukaenda kwangu kucheza karata mpaka jioni. Aliporudi kwake alikuta harufu ya kuungua, betri imekwisha, mota bubu, chumba kimekwama nje. Na trela yenye chumba nje haiendi popote, maana itafagia magari yote barabarani.

Bahati mbaya, jioni hiyohiyo ndiyo aliyofika Darrin, mwanawe wa pekee, kutoka Fargo. Amekuja kusalimia, kumbe begi lake lina tiketi mbili za ndege za Jumamosi usiku, yake na ya mama yake, ampeleke nyumba ya wazee huko. Alinusa ile harufu, akamtazama mama yake, akasema bila kupepesa macho, "Mama, uliacha swichi imewashwa ukaenda kucheza karata. Umesahau."

Ardith alipoingia mle ndani kwenye moshi alizima kila kitu alichokiona, kwa hiyo hakuna aliyejua swichi ilikuwaje. Mama mzazi wa Ardith aliugua usahaulifu, akamaliza miaka yake sita ya mwisho akimwita binti yake "nesi". Darrin alikuwa mtoto wakati ule, aliyaona yote. Hofu ya yule mwanaume haikuwa ya uongo, nampa haki yake, ingawa usiku ule nilitamani kumpiga na kandambili.

Basi asubuhi Ardith alikuwa ameshaitoa mota kwenye pampu. Alifungua boliti mbili ndefu, akavuta kifuniko, na ndani kukatoka masizi kama ya jiko la mkaa. Vile vipande viwili vya kaboni vinavyopeleka umeme ndani ya mota vilikuwa vimelika vikabaki kama kucha.

"Imekufa hiyo," akasema Darrin. Alikuwa amesimama, mikono mfukoni, amekataa kiti. "Mama, tuache. Kuna mtu atakuja kuinunua trela ilivyo. Ndege ni saa mbili usiku."

"Haijafa. Imeungua mdomo tu," akasema Ardith. "Lyman! Lete vile vikorokoro vyako vya kung'olea watu meno!"

Lyman alikuwa daktari wa meno miaka arobaini, na tangu astaafu hakuna kinachomfurahisha kama kuombwa kitu. Aliruka, nusura amwage kahawa. Ardith alikuwa na stata kuukuu, yaani mota ya kuwashia injini, ya gari lake la zamani, anayoihifadhi chini ya kitanda, usiniulize kwa nini. Akang'oa kaboni zake. Zilikuwa nene mno. Lyman akavaa miwani yake ya kukuza, akachukua tupa ndogo ya meno, akaanza kuzipunguza taratibu huku akisema, "Fungua kidogo. Hivyohivyo. Haitauma." Tulicheka mpaka mtu mmoja akaanguka na kiti chake.

Ardith naye akasugua kwa msasa ile shaba ya katikati mpaka ikang'aa, akasafisha kila kijifereji kwa sindano ya Lyman. Mikono yake haitetemeki, nakuapia. Akachomelea waya kwa risasi ya kuyeyusha, tone moja, tone la pili, hakurudia hata moja. Nilimwona Darrin akisogea hatua moja, halafu nyingine, mpaka akawa anachungulia juu ya bega la mama yake.

"Umefanya vizuri, Mama," akasema, na sauti yake ilikuwa imelainika. "Kweli kabisa. Lakini hata ikizunguka, tatizo si mota. Ukisahau tena je? Ukiwa umelala ndani? Moto ukiwaka?"

Alichosema kilikuwa na akili, na hakuna spana ya kukijibu. Ardith alifunga boliti zake. Aliponiomba kitambaa aliinama karibu na sikio langu akanong'ona, "Shoga, uliniona nikizima ile swichi kabla hatujaondoka?"

"Sikuangalia, Ardith," nikamwambia. Miaka kumi na moja tunajuana, na hajawahi kuniuliza swali kwa sauti ile.

Ilipofika saa tano mota ilikuwa imerudi mahali pake. Lyman alikuwa amechaji betri usiku kucha kwa jenereta yake. Ardith akashika waya wa betri, akatutazama. "Kila mtu akae mbali. Darrin, nenda pale kwenye swichi ya ukutani, usiiguse mpaka nikuambie."

Darrin akasimama mlangoni, tunamwona wote, mikono kifuani. Ardith akagusisha waya.

Mota ikanguruma!

"Nimesema usiguse!" akafoka Ardith.

"Sijagusa! Mama, tazama mikono yangu! Sijagusa kitu!"

Na kweli hakugusa, tulikuwa tunamtazama watu kumi na wawili. Mota inanguruma peke yake, chumba hakisogei hata inchi, mafuta yanasukuma bomba lililofungwa, maana hakuna aliyebonyeza swichi. Ardith akauvuta waya. Kimya. Akaugusisha tena. Ikanguruma. Akauvuta. Alikuwa ameanza kuhema kama mtu aliyepanda ngazi.

"Tochi," akasema. "Nipeni tochi, upesi!"

Akaingiza kichwa chote ndani ya sanduku la pampu lililo ubavuni mwa trela, tukabaki tunatazama visigino. Kila mmoja aliacha kiti chake. Halafu mkono ukatoka nje, na kwenye vidole kulikuwa na kifundo cha zile nyuzi za chuma za kusugulia masufuria, kimeungua upande mmoja.

"Hii ilikuwa imeteleza ikalala nyuma ya swichi ya humu, ya mota yenyewe," akasema akitoka, uso umejaa masizi. "Imeunganisha skrubu ya waya wa betri na skrubu ya waya wa kuamrisha mota. Mota inadhani imeitwa, inakimbia mpaka inaungua. Swichi ya ukutani haihusiki hata kidogo. Sasa nani kaweka takataka hii kwenye trela yangu?"

Jamani.

Hapa jangwani panya hawana adabu. Wanakula waya za watu, na mwezi uliopita walikula za friji yangu. Dawa yetu sisi ni kuziba kila tundu kwa nyuzi hizo, maana zinawachoma midomo. Ardith alikuwa anatucheka, yeye hataki. Basi Alhamisi alipokwenda kununua gesi, mimi kwa mapenzi yangu nikafungua sanduku lake nikashindilia kila upenyo. Nilikusudia kumwambia, nikapitiwa.

Ningeweza kunyamaza. Wazo lilinijia, sidanganyi. Kisha nikamwona Darrin amekodolea macho kile kifundo, nikasema kwa sauti ya kutosha kusikika mpaka California, "Ni mimi! Niliweka mimi, Alhamisi, kwa ajili ya panya! Mama yako hakusahau kitu chochote. Aliyesahau ni mimi!"

"Glenna!" Ardith akanishika mabega, nikajua leo napigwa. "Glenna, wewe mwanamke! Nusura unipeleke nyumba ya wazee kwa wema wako!" Halafu akanikumbatia na masizi yake yote, akinitikisa, anacheka na machozi yanamtoka. "Sikusahau! Umesikia, Darrin? Sikusahau!"

"Nimesikia, Mama."

"Sema tena."

"Hukusahau," akasema Darrin.

Ardith akasafisha zile nyuzi zote, akaunganisha betri, mota ikatulia tuli. "Haya. Bonyeza sasa." Darrin akabonyeza, na kile chumba kikaanza kuingia, polepole, bila mkwaruzo. Lo, kelele zilizopigwa pale! Lyman alikuwa anagonga sufuria. Kilipogota ndani, Darrin mwenyewe alirusha kofia yake juu.

Akaingia ndani kuchukua simu apige kufuta ile tiketi ya mama yake. Akakawia. Alipotoka alikuwa amebeba begi dogo la mama yake, limefungwa tayari, na mkononi ana karatasi yenye pini ya kuibandika kwenye nguo. Nilikuwa karibu, nikaisoma. Ilikuwa kwa mwandiko wa Ardith, herufi kubwa: NAITWA ARDITH. MWANANGU NI DARRIN. Na chini yake namba ya simu ya mwanawe.

"Mama, hii uliandika lini?"

"Jana usiku, ulipolala," akasema Ardith. "Ulivyosema nimesahau, nilikuamini."

Ardith akaichukua ile karatasi mkononi mwa Darrin, akaichomoa pini, akajifutia mafuta ya mota vidole vyote, kimoja baada ya kingine, kisha akaitupa kwenye ndoo ya matambara. Akamwambia arudishe nguo kabatini, kwa sababu saa nane anataka kuwa barabarani.