Sahani ya Orofa ya Pili

Binti yangu alipokuwa na miaka sita, daktari alituambia ana ugonjwa adimu: kinga ya mwili wake, badala ya kumlinda, ilikuwa ikiishambulia misuli na ngozi yake mwenyewe. Hakuweza kuinua mikono achane nywele, wala kupanda ngazi. Dawa zipo, alisema, na misuli itarudi taratibu akiitumia, ila ajiepushe na jua. Nusura nimcheke. Jua la Mombasa utalikimbia uende wapi?

Tukahama Tudor, tukapanga chumba cha chini Mji wa Kale, ambako vichochoro ni vyembamba na jua hupita kwa kuiba tu. Mimi ni Mkristo wa bara, karani bandarini, na hasira zangu ziko karibu. Dawa zilimvimbisha mtoto mashavu, na majirani wakawa wanamsifu, "Mashallah, amenawiri." Niliwakazia macho, nikafunga mlango.

Ramadhani ikaingia. Jioni ya kwanza, mama wa mlango wa pili, muuza mahamri, alituletea futari: kaimati na mhogo wa nazi, sahani imefunikwa kwa kawa. Tulikula tukalamba vidole. Kesho yake niliiosha ile sahani ikang'aa, nikaipeleka, najiona mstaarabu kweli.

Aliitazama, akanitazama. "Sahani yangu yarudi tupu, mamangu? Kwani nimekukosea nini?"

Hapo nilipasuka. Nilimwaga yote mlangoni pake: ugonjwa, mashavu, jua, ngazi, na kwamba sikuwa na nguvu za kujifunza desturi za watu. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Kumbe. Nasi twasema amenona," akasema. "Na wewe mbona wamficha mwana kama vyombo vya wageni? Kesho pika chochote, alete yeye. Saa hiyo jua lishapoa."

Nikapika chapati. Binti yangu akabeba moja, sahani ameikumbatia kifuani, akafika mlango wa pili akihema na kucheka. Akapewa nyingine apeleke nyumba ya mbele. Tangu hapo, kila jioni kabla ya adhana alikuwa kichochoroni na watoto wenzake wakipishana na futari. Dawa nazo zilianza kushika. Nilichelewa kung'amua kwamba akina mama walikuwa wameshauriana: alianza na tende, zikaja sambusa, mwisho bakuli zito la uji. Nilifurahi hata nikasahau kununa.

Mwezi ulipokaribia kuandama, mama wa mahamri alimkabidhi sahani ya orofa ya pili katika nyumba ya mbele, ya fundi cherehani mwenye magoti mabovu. Ngazi za nyumba ile ni za mbao, zimesimama wima. Nikainuka nimbebe, kama nilivyozoea. Jirani akanishika mkono.

"Mwache."

Tulisimama chini tukisikiliza. Mguu, kimya. Mguu, kimya. Kwenye kona alitulia sana, na mimi nikamwomba Mungu kwa sauti bila haya. Kisha mlango ukagongwa, na sauti yake ikasema hodi.

Nililia, nikacheka, nikamkumbatia jirani. Tayari nilikuwa nimekanyaga kidato cha kwanza nimfuate, aliposema kutoka juu, kwa ukali aliourithi kwangu:

"Mama, usije. Nashuka mwenyewe."