Mapacha Wawili na Gunia la Mashudu

Lishe ya mifugo nilijifunza vitabuni, bila mwalimu wa kunirekebisha. Nyumbani Ihanda nilitenga mbuzi wawili mapacha. Mmoja nilimpa majani na mashudu ya alizeti, mwenzake majani matupu. Wafugaji wa kijiji cha Kimuli walikuwa wanangoja jibu langu ili wajue kama wanunue mashudu.

Kila Jumamosi nilitia kila mbuzi kwenye gunia na kumning'iniza kwenye mizani ya kahawa. Walinenepa sawasawa. Nikaenda Kimuli, nikatangaza kwamba mashudu ni kupoteza hela, kinachonenepesha mbuzi ni ukoo. Walinipigia makofi.

Jioni ile nilimkuta mama bandani, anamlisha mashudu yule wa majani matupu.

"Mama, huyo hapewi!"

"Kwani amekukosea nini?"

"Ni utafiti, mama."

"Baba, wamezaliwa tumbo moja, halafu mmoja ale, mwenzake amtazame? Mimi nampa tangu siku ile ulipowatenga."

Kweli nilikuwa nimeona mashudu yanaisha upesi. Mimi, mtu wa vipimo, niliwalaumu panya na kuwategea mtego.

Nilirudi Kimuli kukanusha maneno yangu. Mzee mmoja alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo mashudu yanafaa, au hayafai?"

"Shikamoo tena, mzee. Sijui. Naanza upya."

"Marahaba. Basi safari ijayo tuletee mama yako. Yeye angalau mbuzi wake wamenona wote."