Arobaini Hadi Sitini

Kabla ya kumshitaki mtu, mkuu wa mafundi wa programu hutoa kitambaa mfukoni na kupangusa vibonye vya kompyuta, kimoja kimoja, kama padri anayefuta kikombe cha misa. Kisha huandika amri kwa vidole viwili, akiitaka mashine imtajie nani aliandika mstari gani wa programu, na kila mara huiwekea mipaka: ianzie mstari wa arobaini, ikome wa sitini. Hortense, mmoja wa mafundi hao, amemchunguza tangu programu yao ilipoinyamazisha pampu ya maji ya mtaa wa Panda kwa siku mbili. Mbona hapiti sitini, na amri ya kuzima pampu iko mstari wa sitini na moja? Leo, mbele ya ofisi nzima, mkuu akasoma majina ya mistari kwa sauti yake laini ya katekista: "Mama Hortense, ligne zote ni jina yako njo iko." Hortense hakubisha. "Ni miye niliandika, Papa. Lakini ongeza ligne moja tu, tuone jina ya nani njo iko." Mkuu akatoa tena kitambaa, akaanza kupangusa vibonye vilivyokwisha kung'aa, kimoja kimoja, akikiruka kile cha namba moja.