Mizizi na Mto wa Kichwani

Nakumbuka siku moja, mwanangu, niliporudi nyumbani kutoka Gesima. Nilikuwa nimeacha shule, nazurura tu, nikiuliza kila mtu kazi yake inafanywaje. Nikamkuta kaka yangu Ombasa ameangukiwa na boriti ya paa. Mfupa wa utosi ulikuwa umepasuka, na maumivu hayakumwacha alale.

Baba aliita wapasuaji wawili wa kichwa, kazi ya jadi yetu ya kutoboa fuvu ili maumivu yatulie: Mzee Nyaundi wa Suneka na Mzee Ogeto wa Gesima. Wakabishana. Nyaundi alisema chini ya mfupa yuko "mama," haguswi. Ogeto akasema yeye hamjui huyo mama, asichogusa yeye ni "ngozi ya yai." Baba akaogopa. Amkabidhi nani mwanawe?

Nikasema, "Wazee, mbuzi wa kuwakirimu ameshachinjwa. Kichwa chake si kipo? Kipasueni, kila mmoja aonyeshe anachokisema."

Kikapasuliwa. Ogeto akagusa kwa unyasi utando uliofunika ubongo. "Ngozi ya yai ndiyo hii."

Nyaundi akacheka. "Basi umemshika mama!" Akaonyesha mishipa ya damu. "Na hii ni mizizi."

"Yote?" Ogeto akauliza. "Kwetu mizizi ni midogo. Huu mkubwa wa katikati ni mto."

Nikadakia, "Ni kitu kimoja, majina tu! Mfungueni kaka!"

"Wewe, una kaka wangapi wa kujaribia?" Ogeto alinikemea. "Mzizi ukikatika, damu huzuilika. Mto ukipasuka, mtu amekwisha."

Nyaundi akakitazama tena kile kichwa cha mbuzi. Alikuwa amekusudia kufungua katikati kabisa, juu ya ufa, pale pale unapopita mto. Akapapasa kichwa cha Ombasa, akasogeza kidole kando. "Nianzie hapa?"

"Hapo, mzee mwenzangu."

Ombasa alipona, akaoa, akawa mbishi kuliko zamani.

Sasa nasikia unasoma chembe hai za ubongo, na kila kitabu kinaziita kivyake. Mimi sikujua hata kama ubongo una chembe; ukija, nieleze. Lakini usilinganishe jina na jina. Uliza chembe ikoje, inakaa wapi, inafanya nini. Majina mawili yakiangukia kitu kimoja, yaandike yote, useme kila moja limetoka kwa nani. Jina moja likibeba vitu viwili, vitenganishe. Na pasipolingana, usilazimishe.

Mungu akupe macho makali na subira ya kuyatumia, na wote watakaoguswa na elimu yako wainuke wazima.