Mpwa wa Sista Nora

Vijana wa jirani yangu hapa Koboko wanachoma matofali tangu Jumatatu. Tanuri lao wamelikandika kwa udongo mweusi wa bondeni uliojaa mizizi ya nyasi, na moto ukikolea, mizizi ile inaungua polepole na kutoa moshi mzito unaoingia mpaka kwenye sufuria. Wenzangu wanaziba pua na kutukana. Mimi nasimama dirishani. Ningekuwa na akili ningelifunga, lakini nasimama tu, na mara niko kijijini kwetu Adumi, nina miaka kumi na mmoja, nimemshika mkono mdogo wangu Ayiko, tuko mlangoni kwa Sista Nora.

Sista Nora alikuwa mtawa na muuguzi kutoka Ayalandi. Alikuwa amekaa kwetu miaka mingi kuliko umri wa mama yangu, katika zahanati yenye vyumba viwili na benchi moja refu nje. Kilugbara, lugha yetu, kilimshinda kwa kupanda na kushuka kwa sauti zake, kwa hiyo alitusemesha Kiswahili cha sokoni, kile walichotuachia wanajeshi na wafanyabiashara, ambacho mwalimu wa sarufi angekisikia angelia machozi. Sote tulikizungumza hivyo hivyo na tulielewana vizuri sana.

Katika kopo la maziwa ya unga alihifadhi vipande vya udongo wa kwao. Ni udongo wa kinamasi. Huko kwao wanaukata, wanaukausha juani, kisha wanauchoma badala ya kuni. Kaka yake alikuwa akimtumia. Siku akikumbuka nyumbani alichoma kipande kidogo kwenye kifuniko cha kopo, akafumba macho na kunusa. Sisi watoto tulichungulia na kuona huyu mzungu ameanza kuchanganyikiwa, anachoma udongo na kuni zimejaa nje!

Ukutani alikuwa na picha mbili. Ya kwanza ni ya Yesu akionyesha moyo wake kifuani, mwekundu, umezungukwa na miiba. Ayiko aliitazama sana siku ya kwanza, kisha akauliza, "Sista, hii mutu pia moyo yake iko na ugonjwa?" Sista alicheka mpaka akakaa chini. Maana Ayiko ndiye aliyekuwa na ugonjwa wa moyo. Alikuwa na miaka saba. Ilianza na koo, ikaja maumivu ya magoti, halafu pumzi ikawa inamkatika akitembea tu kutoka jikoni hadi kisimani. Daktari mmoja mjini Arua alisema mlango mmoja wa moyo wake haufungi vizuri. Kila mwezi Sista alimdunga sindano ya dawa nzito, na kila mwezi ni mimi niliyempeleka kwa baiskeli, kwa kuwa Mama alikuwa akilima mashamba ya watu na Baba alikwenda Juba kutafuta kazi, tukaacha kusikia habari zake.

Picha ya pili ilikatwa gazetini. Mwanamume mwenye suti, anacheka, mkono juu, watu wamejaa barabarani na vibendera. Huyo alikuwa rais wa Marekani wa wakati huo.

"Huyu mtu yetu," Sista alituambia. "Bibi ya bibi yake, upande ya mama, alitoka kwetu. Wakati ya njaa. Alipanda meli." Halafu akasimulia jinsi rais huyo alivyokuja kuwatembelea: nyumba zikapakwa rangi upya, akina mama wakainua watoto wachanga awaguse, wazee wakalia hadharani bila haya. Kaka yake mwenyewe alishikwa mkono na rais, na siku mbili hakutaka kuunawa. Akisimulia hayo uso wake wote ulibadilika, akawa msichana.

Baba mkubwa wangu, kaka yake baba, ndiye aliyeyakuza haya. Alikuwa mtu wa maneno mengi, kofia upande, na tangu Baba apotee yeye ndiye aliyekuwa msemaji wa nyumba yetu. Alipokwenda kutibiwa jino akaiona picha, akauliza mara mbili, "Upande ya mama? Kweli kabisa upande ya mama?" Sista akasema ndiyo. Looo! Baba mkubwa alirudi nyumbani mbio na jino lake likiwa bado linauma.

Ni lazima niwaeleze. Kwetu, watu wa upande wa mama si watu wa mchezo. Mpwa ana haki ya kuingia kwa wajomba zake akakamata kuku bila kuomba, na mjomba atacheka tu. Lakini mjomba naye akisema neno, mpwa hawezi kulikataa. Mjomba akinung'unika moyoni tu, mpwa huyo mambo yake yote yanaharibika. Kwa hesabu ya Baba mkubwa, basi, watu wa Ayalandi wote walikuwa wajomba wa rais wa Marekani, na mjomba mmoja alikuwa hapa hapa Adumi akitudunga sindano.

Kuanzia siku hiyo hakuna aliyemwita rais. Aliitwa Mpwa. Watu benchini waliulizana Mpwa hajambo. Baba mkubwa alitaka kujua Mpwa alipokwenda kwao alikamata kuku wangapi, na Sista akajibu kwamba alikunywa bia moja tu. "Na ninyi mliomba yeye nini?" Baba mkubwa akauliza.

"Hatukuomba kitu."

"Hata kitu moja?"

"Tulitaka kumuona tu."

Baba mkubwa alitikisa kichwa njia nzima. Wajomba gani hawa, mpwa anakuja na ndege yake na hawaombi hata barabara! Kwa maoni yake walikuwa wameliacha deni mikononi mwa Mpwa, na sasa ilikuwa zamu yetu kulidai. Akamwambia Mama asihangaike tena kutafuta namna ya kumpeleka Ayiko kwa madaktari wakubwa. Sista aseme neno moja tu. Mama hakuwa mjinga, mama yangu, lakini alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka akiambiwa apumzike, anapumzika.

Sista alipoombwa alicheka kwanza. Kisha akamtazama Ayiko, akaacha kucheka. "Nitaandika barua kwa mpwa yangu," akasema.

Sasa naingia mahali ambapo sijawahi kumpeleka mtu.

Siku ya sindano iliyofuata, Sista alikuwa akifunga mizigo. Wakimbizi wengi kutoka Sudan Kusini walikuwa wamevuka, na alikuwa ameitwa Koboko kusaidia kwa majuma kadhaa. Alimdunga Ayiko, akampangusa machozi, halafu akaniketisha. Alisema barua kwa Mpwa ameituma. Akaweka mkono juu ya bega langu. "Lakini msingoje hiyo barua. Unasikia, Candiru? Madaktari ya moyo watafika Kampala. Nimepata nafasi ya Ayiko. Gari itatoka Arua siku ya Alhamisi, asubuhi, mbele ya kanisa. Mama aende na yeye. Msingoje." Akanipa karatasi iliyokunjwa, imeandikwa yote hayo, nimpe Mama, Baba mkubwa amsomee.

Jambo nililolisikia mimi lilikuwa moja tu: Mama ataondoka. Kila Mama alipotaja kumpeleka Ayiko Kampala, alitaja pia kwamba mimi nitakwenda Koboko kukaa kwa shangazi. Nilikuwa nimewahi kukaa huko likizo moja. Shangazi alikuwa na watoto wanne wa kubeba, ulimi mkali, na fimbo juu ya mlango. Nilirudi nyumbani na alama miguuni, na nilijiapia sitarudi tena.

Njiani Ayiko, akiwa nyuma kwenye karia ya baiskeli, aliniuliza, "Kampala iko mbali?"

"Mbali sana. Na huko wanapasua watu kifua na kisu."

Nilisikia mikono yake ikinikaza kiunoni. Kisha akasema, "Usiambie Mama."

Na mimi, jamani, nikasema, "Sawa. Lakini ni wewe umesema."

Karatasi niliichomeka kwenye nyasi za paa la ghala. Jioni nilimwambia Mama kwamba Sista amemwandikia Mpwa. Sikudanganya hata neno. Mama alipiga kigelegele kidogo, cha mtu asiye na nguvu nyingi, na Baba mkubwa akaja na nyama. Tulikula vizuri siku ile. Ayiko alinitupia jicho ng'ambo ya sahani, akacheka.

Alhamisi ikaja. Asubuhi ile nilifagia uwanja wote, hata nyuma ya choo, ambako hakuna aliyewahi kufagia. Jua lilipopanda sana nikajua gari limeondoka. Nilitegemea nitafurahi.

Ayiko alifariki kabla mahindi hayajakomaa. Miguu ilivimba, kisha tumbo, na mwisho akawa halali ila ameketi, mgongo wake umeegemea kifua cha Mama. Siku tatu za mwisho nilikwenda kwenye ghala mara nyingi, nikapapasa nyasi, nikaigusa karatasi, nikairudisha. Bado sijui niliogopa nini zaidi, kwamba nimechelewa au kwamba sijachelewa.

Sista alifika siku ya mazishi, amepanda boda kutoka Koboko, mavumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuja akikimbia. Nilimwona akitazama kaburi lile fupi, kisha akimtazama Mama, na mdomo wake ukafunguka kuuliza. Lakini Baba mkubwa alimtangulia. Alisimama mbele ya watu wote, ametoa kofia.

"Huyu anajiita mjomba!" akasema. "Sisi tulingoja. Tuliweka mutoto hapa, tukangoja neno yake. Mjomba gani iko na neno haina uzito? Wewe Sista, ulitudanganya. Picha yako ni picha tu."

Watu wakaguna kuunga mkono. Mama hakuinua kichwa.

"Lakini Mama Candiru," Sista akaanza, "gari ya..."

Hapo macho yake yakanipata. Nilikuwa nimesimama nyuma ya Mama, na nilikuwa nimejiziba mdomo kwa mikono miwili. Sikujua kama nimefanya hivyo mpaka nilipomwona ananitazama mikono. Alinitazama kwa muda ambao mpaka leo sijaweza kuupima. Niliona anaelewa. Niliona kila kitu kikimfikia usoni, kimoja kimoja, na nikangoja aseme.

"Ni kweli," Sista akasema. "Kosa ni yangu. Nilichelewa."

Akapiga magoti kwenye udongo, na mtu mmoja akatema mate karibu naye.

Jibu la Mpwa lilikuja baadaye, kupitia Arua, katika bahasha nzuri. Ilikuwa kadi yenye picha ya jumba jeupe, na maneno yaliyochapwa ya kumshukuru Sista kwa kuandika. Sista mwenyewe aliileta, ijapokuwa angeweza kuitia motoni. Baba mkubwa aliisoma, akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele, akilitafuta jina la Ayiko. Halikuwepo. Akamrudishia.

Baada ya hapo benchi la zahanati lilianza kuwa tupu. Wanawake walitembea mpaka zahanati nyingine na watoto mgongoni, wakapita mlangoni kwake bila kumsalimu. Alikaa mwaka mmoja hivi, kisha wenzake wakamrudisha kwao, na huko akafa. Walionihadithia hawakujua hata mwezi. Mimi sikuwepo kumuaga; majuma machache baada ya mazishi Mama alishindwa kunitunza, nikapelekwa Koboko kwa shangazi. Ndiyo, kule kule. Fimbo ilikuwa bado juu ya mlango.

Nilimchukia Sista miaka mingi, mjue hilo. Nilimchukia kwa kuwa alijua. Nilipopata watoto wangu mwenyewe ndipo nilipoanza kuuona uso wake upya, nikaelewa alikuwa akifanya hesabu gani pale kaburini. Yeye angeweza kuondoka Adumi na aibu yake. Mimi ningebaki, mtoto wa miaka kumi na mmoja, binti aliyemuua ndugu yake, katika kila kisima na kila harusi mpaka nizeeke. Alichagua haraka. Tulikuwa tumemwita mjomba kwa utani na kwa tamaa, na kumbe alikuwa mjomba kweli, ila si wa yule wa pichani. Mimi ndiye niliyeingia kwake na kuchukua kitu bila kuomba, naye akaniacha niondoke nacho.

Nimewaambia ninyi, na ninyi ndio wa kwanza.

Mama yuko hapa kwangu tangu juzi, amekuja kutazamwa macho hospitalini. Haoni vizuri, lakini pua yake ni nzima. Jana tulikuwa tumekaa nje tukichambua mboga, upepo ukageuka, moshi wa tanuri ukatujia wote. Mama akaacha kuchambua, akainua uso.

"Hii harufu naijua," akasema. "Nyumba ya yule Sista. Yule mwongo aliyetungojesha."

Nilikuwa na nafasi. Watoto walikuwa shuleni, hakukuwa na mtu mwingine uwanjani, na Mama alikuwa amenigeuzia uso akingoja.

"Ndiyo, Mama," nikasema. "Ndiyo harufu yake."

Akatikisa kichwa, akarudia mboga zake.