Fundi Aliyesemewa na Tangazo

Nakutegea wewe uliyeshika gazeti hili: hana mdomo, lakini amesema mji mzima ukasikia, mwenye mdomo akiulizwa, hakumbuki kusema. Umeshindwa? Basi nipe mji. Ni picha yako kwenye tangazo la watu.

Ukidhani natania, mtazame fundi cherehani huyu, wateja wanamwita Mama Pindo.

Saa mbili asubuhi anakanyaga cherehani, pini zimebanwa midomoni. Kando yake kiti ni kitupu. Hapo hukaa wifi yake, mke wa kaka yake, anayeshona vifungo na kukunja pindo kwa mkono. Leo vifungo vimelala koponi.

"Huyu akinuna hata salamu hupati," anasema Mama Pindo, pini akiziweka kando. "Lakini safari hii, kusema kweli, hata mimi ningenuna."

Msimu wa uchaguzi kibanda hiki hushonea vyama vyote viwili, cha Ngazi na cha Mwavuli. Wifi ni Mwavuli damu damu. Mama Pindo hajawahi kumwambia mtu anampigia nani kura. Fulana za Ngazi hukaa kulia, za Mwavuli kushoto, na anayeingia anaziona zote. Hakuna kufichana.

Ndipo ikaja kampuni ya teknolojia yenye programu ya simu ya kupokelea oda. Mama Pindo anaitumia, na anaisifu. Wakaomba kumpiga picha. Mwandishi wao wa matangazo, binti mwenye miwani, akamwambia, "Mama, tutoe lile rundo la kushoto, rangi zinagombana."

Mama Pindo akalisukuma chini ya meza. "Hapo ndipo nilipojimaliza," anasema.

Tangazo likatoka kwenye simu za watu, likabandikwa pia kwenye bango la njia panda. Mama Pindo anacheka katikati ya fulana za Ngazi, na chini yake maneno eti ni yake: "Sasa tunapanda, haturudi chini." Hiyo ndiyo kaulimbiu ya Ngazi, inayolia kwenye spika zao kutwa nzima!

"Mimi nilisema programu imeniokoa na kuandika vipimo kiganjani," anafoka. "Hayo ya kupanda niliyasema na nani?"

Wateja wa Mwavuli wakaja kuchukua vitambaa vyao, hata vilivyokwisha katwa. Mmoja alimrushia, "Fundi, waambie Ngazi wakupandishe." Hayo akayameza. Kilichomkaba ni wifi, aliyesimama mbele ya bango na kuuliza, "Maneno haya yametoka wapi?"

Mama Pindo akasema hajui. Nani angemwamini? Wifi akachukua mkasi wake, akaondoka.

Jamani, mtu akikuazima sura yake uuzie bidhaa, hajakuazima ulimi. Ukilalamika unaambiwa ni tangazo tu. Tu gani hiyo, inayogombanisha watu waliokula sahani moja?

Mama Pindo alikwenda mpaka ofisini kwao. Wakampa pole na fulana yenye nembo ya kampuni. "Fulana!" anasema. "Mimi nazishona, wao wananipa!" Akaiacha mezani, akamshika mkono yule binti. "Twende kwa wifi yangu, ukaseme mwenyewe."

Mlango wa wifi uko wazi, pazia limeshushwa. Ndani pasi inagonga meza.

"Hodi, wifi."

"Kama ni Ngazi, angalieni msianguke."

"Acha vituko. Nimekuletea mwenye maneno. Mimi sitaki kingine, nataka urudi kwenye kiti chako."

Pasi inanyamaza. Binti anakohoa kidogo. "Samahani sana, mama. Kampuni yetu haina chama chochote, sisi ni watu wa teknolojia tu..."

"Sijakuuliza chama, mwanangu." Pazia linasogea, wifi anatokeza uso, jasho la pasi limemtiririka. "Nimeuliza maneno yametoka wapi. Nani alikutuma uyatie kinywani mwa wifi yangu?"

Binti anavua miwani. Anamtazama mmoja, anamtazama mwingine.

"Hakuna aliyenituma, mama," anasema. "Nyumbani kwetu tunasema hivyo. Ofisini wote wanasema hivyo. Sikujua kama kuna mtu asiyesema hivyo."